NYWELE ZILIZOUNGUA NA BLICHI: HISTORIA NDEFU YA KUSUBIRI

SEHEMU YA 1: Swali lenyewe

Baada ya mfululizo wa presha na ule wa vidonda vya tumbo, wengi mmeomba tuzungumzie nywele. Ujumbe unaofanana umeniingia mara nyingi: "Nesi, nilitia blichi, nywele zimekuwa kama mkonge, zinakatika kila nikichana. Nipake nini zirudi?"

Jibu fupi nalitoa leo leo, ili usinunue kitu kabla hatujamaliza. Hakuna cha kupaka zikarudi. Unywele ulioungua hauponi. Kinachokuja kuuokoa ni unywele mwingine unaoota nyuma yake, na huo una mwendo wake. Dawa ni muda, mkasi na mkono mwepesi.

Najua jibu hilo halifurahishi. Mtu anayejitazama kwenye kioo asubuhi, akaenda kazini amejifunga kilemba mwezi wa tatu sasa, hataki kuambiwa "subiri". Ndiyo maana sitaishia kwenye ushauri mtupu, nitakupa na historia. Watu wameharibu nywele zao kwa ajili ya rangi kwa zaidi ya miaka 2,000. Ukiona walivyopita wao, utaelewa kwa nini kusubiri kunatushinda zaidi sisi kuliko wao, na kwa nini wenye maduka wanalijua hilo vizuri kuliko wewe.

Twende taratibu. Kaka mliotia blichi msimu wa sikukuu, na nyie mmo humu, msijifiche.

SEHEMU YA 2: Roma, na mwanamke aliyelia

Tuanzie Roma ya kale. Mshairi Ovid, aliyezaliwa mwaka 43 kabla ya Kristo, ana kitabu cha mashairi ya mapenzi kinachoitwa Amores. Katika sehemu yake ya kwanza, shairi la 14 lote linamhusu mwanamke aliyepoteza nywele kwa sababu ya dawa za rangi. Ukilisoma unaweza kudhani jamaa ametoka saluni jana.

Anaanza kwa kumkumbusha kwamba alimkataza. Kisha anazisifu zile nywele zilivyokuwa: ndefu, laini, rahisi kuchana, hazikumpa shida hata mjakazi aliyekuwa akizitengeneza. Anavitaja pia vyuma vya moto vya kuzikunja. Yaani dawa na moto kwa pamoja, kama tunavyofanya sisi. Matokeo yake nywele zikaondoka. Mwanamke analia, nywele zake zilizokatika ziko mapajani, na sasa itabidi avae nywele za mateka wa Kijerumani. Kila atakayemsifia, yeye atajua anayesifiwa ni mtu mwingine.

Sasa tazama anavyomaliza. Baada ya maneno yote ya kuchoma, Ovid anamtuliza: ajikaze, hasara yake ni ya kurekebishika, na siku moja ataonekana tena na nywele zake mwenyewe. Hakumwandikia mafuta. Hakumpeleka kwa mganga. Alimwambia zitaota. Mimi nesi, miaka 2,000 baadaye, sina la kuongeza hapo.

Kuna jambo jingine la wakati huohuo ambalo linatugusa hata sisi. Mwandishi Pliny Mzee, aliyefariki mwaka 79 mlima Vesuvius ulipolipuka, aliandika kuhusu kitu kinachoitwa sapo. Kilikuwa kinatengenezwa na Wagali kwa mafuta ya wanyama na majivu, na kazi yake aliyoitaja ni kuzipa nywele wekundu. Neno hilo lilipita kwa Wagiriki, likapita kwa Waarabu, likatufikia sisi kama "sabuni". Kwa hiyo sabuni, kwa Pliny, ilikuwa kwanza kitu cha rangi ya nywele.

Na shika neno majivu. Majivu yana magadi, na magadi huufungua unywele. Tutarudi hapo kwenye sehemu ya nne.

SEHEMU YA 3: Kutoka kwenye jua hadi kwenye chupa

Turuke hadi Venice, Italia, karne ya 16. Mwaka 1590 Cesare Vecellio alichapisha kitabu kikubwa cha picha za mavazi ya watu wa nchi mbalimbali. Mojawapo ya picha zake ni ya mwanamke wa Venice aliyekaa juu ya paa la nyumba, kwenye baraza la mbao. Amevaa kofia isiyo na katikati, ukingo tu. Nywele amezipitisha pale juu wazi na kuzitandaza kwenye ukingo, uso uko kivulini, nywele ziko juani. Mkononi ana kijiti chenye sponji, anazilowesha kwa dawa, zinakauka, anazilowesha tena.

Hebu fikiria kazi hiyo. Kukaa juani saa nzima nzima, siku baada ya siku, ili nywele zififie kidogo. Ziliharibika, ndiyo, lakini ziliharibika polepole. Mtu alikuwa na nafasi ya kuona mambo yanaharibika akashuka kwenye paa.

Halafu ikaja kemia. Mwaka 1818, huko Paris, mwanakemia Louis Jacques Thénard aligundua haidrojeni peroksaidi. Wauguzi wenzangu mnaijua, ile chupa ya kwenye chumba cha kufungia vidonda inayotoa povu ikigusa damu. Haikugunduliwa kwa ajili ya nywele. Lakini mwaka 1867, kwenye Maonesho ya Dunia ya Paris, mtengeneza manukato wa London aitwaye Thiellay na msusi wa Paris aitwaye Hugot waliionesha kama dawa ya kung'arisha nywele. Hapo ndipo blichi yetu ya leo ilipoanza safari.

Ile ya hospitali kwa kawaida ni asilimia 3. Ya saluni ni nyingine. Chupa iliyoandikwa 20 ni asilimia 6, ya 30 ni asilimia 9, na ya 40 ni asilimia 12, mara nne ya ile ya chumba cha vidonda. Na hata hiyo ya asilimia 3 siku hizi hatuimwagi ovyo kwenye kidonda kinachoanza kupona, kwa sababu inaua na nyama changa. Tafakari hilo unapoambiwa "hii ya 40 ndiyo inashika haraka".

Hili ndilo jambo kubwa la mfululizo huu, naomba ulishike. Kutoka Roma hadi Venice hadi saluni ya mtaani kwako, uharibifu umeongezeka kasi sana. Kilichochukua siku nyingi juani sasa kinachukua chini ya saa moja. Lakini kuota kwa nywele hakukuongezeka kasi hata kidogo. Nywele za mwanamke wa Ovid na nywele zako zinatoka kichwani kwa mwendo uleule. Ndiyo maana kusubiri kunatuuma. Tumezoea kuharibu kwa dakika arobaini, tunataka na kupona kuwe kwa dakika arobaini.

SEHEMU YA 4: Ndani ya unywele kumetokea nini

Leo darasa dogo. Msikimbie.

Unywele unaouona nje ya ngozi umekufa. Hauna damu, hauna mishipa ya fahamu, ndiyo maana hausikii maumivu ukikatwa. Kilicho hai ni shina lake, chini ya ngozi ya kichwa. Kidonda cha mkono kinapona kwa sababu pembeni yake kuna nyama hai inayojenga upya. Unywele hauna wa kuujenga. Ukipasuka, umepasuka.

Kwa nje unywele umefunikwa na magamba madogo yaliyopangana kama vigae vya paa. Juu ya magamba kuna tabaka jembamba la mafuta ya asili linaloufanya uteleze na kukataa maji. Ndani kuna nyuzi za protini iitwayo keratini, zilizoshikiliwa na vifungo vya salfa. Katikati ya nyuzi hizo ndipo ilipo rangi, yaani melanini.

Blichi inafanya hivi. Kwanza amonia, au magadi ya aina yoyote, huvimbisha unywele na kuinua vile vigae. Ndiyo kazi ileile ya majivu ya Wagali. Kisha peroksaidi inaingia ndani na kuivunja melanini. Ndiyo maana nywele nyeusi hazigeuki njano kwa mara moja: zinapita kwenye kahawia nyekundu, machungwa, njano, ndipo njano iliyopauka. Kila hatua unaongeza muda au unaongeza nguvu.

Shida ni kwamba peroksaidi haichagui. Ikimaliza melanini, au hata kabla haijamaliza, inavunja na vile vifungo vya salfa vinavyoupa unywele uimara. Lile tabaka la mafuta la juu linaondoka pia. Matokeo unayajua: ukizilowesha zinakunywa maji kama sponji na kuvutika kama mpira, zikikauka zinakuwa kama mkonge. Kitana kikipita, zinabaki kwenye kitana.

Nywele zetu za kipilipili zina mtihani wa ziada. Kila mahali unywele unapojikunja ni mahali dhaifu, na wetu unajikunja mara nyingi. Kama zilishawekwa dawa ya kulainisha kabla ya blichi, hapo zimevunjwa mara mbili.

Sasa, mafuta, stimu na zile dawa za protini zina kazi? Zina kazi. Zinalaza magamba, zinapunguza msuguano, zinaupa unywele nguvu kidogo ili usikatike haraka. Ni kama bandeji na mkongojo. Mkongojo unakusaidia kutembea, haukuoteshi mguu. Anayekuuzia chupa akisema inaponya unywele uliokufa, mwambie ahsante, endelea na safari.

SEHEMU YA 5: Jean Harlow, na uongo uliobaki

Marekani, miaka ya 1930. Mwigizaji Jean Harlow, mzaliwa wa Kansas City, alikuwa na nywele zilizopaushwa hadi zikafanana na madini ya fedha. Mwaka 1931 ilitoka filamu iliyoitwa Platinum Blonde, na jina hilo likageuka kuwa jina la rangi yenyewe. Wanawake wengi wakaingia saluni kuitafuta.

Msusi wake alikuja kusimulia mchanganyiko waliotumia: peroksaidi, amonia, dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, na sabuni ya kufulia. Naomba nisimame hapo kama nesi. Dawa ya kung'arishia nguo ikichanganywa na amonia inatoa hewa ya sumu inayochoma mapafu. Usijaribu nyumbani, hata kwa tone. Na usipake dawa ya nguo kichwani kwa sababu tu nayo inaitwa blichi. Jina ni moja, vitu ni viwili.

Nywele za Harlow hazikuvumilia. Kufikia katikati ya miaka ya 1930 aliachana na ule weupe, akaonekana kwenye filamu na rangi ya kahawia, akiwa amevaa wigi. Angalia: mwigizaji mwenye pesa, aliyezungukwa na mafundi bora wa Hollywood, hakupata cha kupaka zikarudi. Alifunika, akazipa nafasi.

Tarehe 7 Juni 1937 Harlow alifariki akiwa na miaka 26. Watu wakasema ni blichi imemuua, na hadi leo wapo wanaosema. Ukweli ni kwamba figo zake zilishindwa kufanya kazi. Utotoni aliwahi kuugua homa nyekundu, ugonjwa wa bakteria ambao unaweza kuacha madhara kwenye figo. Na wakati huo hakukuwa na mashine ya kutegemewa ya kusafisha damu. Ya kwanza iliyofaa kwa matibabu ya binadamu ilitengenezwa na daktari Willem Kolff huko Uholanzi mwaka 1943, miaka sita baadaye.

Kwa nini nalisema hili? Kwa sababu kuna dada humu ameambiwa na majirani kwamba blichi imeingia kwenye damu, kwamba hatazaa, kwamba amejilaani. Amekosa usingizi. Dada yangu, tulia. Blichi iliyotumika kichwani mara moja imeharibu nywele, na pengine imechoma ngozi. Hivyo viwili tunaweza kuvishughulikia. Hofu usiyoihitaji itue chini.

Wanaopaswa kujihadhari zaidi ni wasusi. Ule unga wa blichi una kemikali ziitwazo pesalfeti, na zinajulikana kusababisha pumu kwa wanaoshika kazi hiyo kila siku. Msusi wangu unayesoma hapa, ukiona unakohoa na kifua kinabana siku za kazi kisha unapata nafuu siku za mapumziko, nenda hospitali ukaeleze na kazi yako. Fungua madirisha, vaa barakoa, usipepete ule unga.

SEHEMU YA 6: Mwanamke aliyetibu shamba

Mwaka uleule wa 1867, mwaka wa maonesho ya Paris, mwezi Desemba, kwenye mashamba ya Louisiana, Marekani, alizaliwa mtoto wa kike aitwaye Sarah Breedlove. Wazazi wake walikuwa watumwa kabla ya vita vya kule. Baadaye dunia ilimjua kama Madam C. J. Walker.

Sarah alikuwa mfua nguo. Alipokuwa mtu mzima alianza kupoteza nywele kwa magonjwa ya ngozi ya kichwa. Enzi hizo nyumba nyingi za maskini hazikuwa na maji ya bomba, kuosha nywele ilikuwa kazi ya nadra, na sabuni zilizokuwepo zilikuwa kali. Kwa muda alifanya kazi ya kuuza bidhaa za Annie Turnbo Malone, mfanyabiashara mwingine mweusi wa nywele, kisha akaanzisha za kwake. Mwaka 1910 alihamishia kampuni yake Indianapolis. Alipofariki mwaka 1919 alikuwa ameshafundisha maelfu ya wanawake weusi kuuza na kutengeneza nywele.

Mkebe wake uliojulikana zaidi ulikuwa na nini? Mafuta mazito ya mgando na salfa. Salfa ni dawa ya zamani ya magonjwa ya ngozi. Pamoja na mkebe, wateja walifundishwa kuosha kichwa mara kwa mara.

Kwa hiyo Madam Walker, pamoja na maneno yote ya biashara yaliyokuwa kwenye matangazo, alifanya kitu sahihi: alitibu shamba, hakutibu mazao yaliyokwisha kukauka. Alisafisha ngozi, akatuliza magonjwa, nywele zikapata mahali pa kuota. Zilizoota zilikuwa mpya.

Hilo ndilo unaloweza kufanya na wewe leo. Achana na kuhangaika na ncha. Angalia ngozi ya kichwa. Kuna vidonda? Kuna magamba, mba, muwasho, uvimbe? Umesuka ngumu mpaka paji la uso linavutika? Hayo ndiyo ya kushughulikia. Shina likiwa zima, nywele zinakuja bila kuombwa.

SEHEMU YA 7: Kwetu tunajua kusubiri, tumesahau tu

Kuna mtu aliniandikia kwamba subira ya nywele ni ya wazungu, sisi nywele zetu "haziotagi". Hapana jamani. Zinaota. Tuzungumze kwetu.

Pwani tuna hina tangu zamani za mabibi. Hina inashikamana na keratini kwa nje bila kuvunja melanini wala vifungo vya ndani. Ndiyo maana bibi yako alipaka hina miaka yote na nywele zake zikabaki. Ila tahadhari moja: baadhi ya pakiti za "hina" za dukani zimechanganywa na chumvi za madini. Ukiweka blichi juu ya hizo, zinaweza kupata moto kichwani na kuunguza. Usichanganye.

Kuficha nywele wakati zinaota nako si kugeni. Nako kuna historia. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ya kuanza tarehe 1 Januari 1969. Vilivyopigwa marufuku ni pamoja na sketi fupi, suruali za kubana, krimu za kuchubua ngozi na mawigi. Ilionekana ni kuiga Wazungu. Unaweza kukubaliana nao au la, lakini tazama jambo moja: kichwa cha mwanamke kimekuwa mkutano wa hadhara, kila mtu ana la kusema. Leo wigi limeruhusiwa, na maneno yanaendelea. Utakapoanza safari ya kuziotesha watakuambia umeishiwa, umeachwa, unaumwa. Yasikie, yaache yapite.

Kunyoa nako si aibu kwetu. Waislamu wa Pwani humnyoa mtoto siku ya saba, na ni siku ya furaha. Kwa Wamasai, morani aliyefuga nywele ndefu miaka yote hunyolewa na mama yake kwenye sherehe ya eunoto, anapovuka kwenda utu uzima. Hakuna anayelia kwamba nywele zimekwisha. Kunyoa ni kufungua ukurasa.

Na mfano mkubwa kuliko yote unao wewe mwenyewe. Wengi wetu tuliosoma shule za serikali tulikaa na nywele fupi mpaka kidato cha nne. Mtihani wa mwisho ukiisha, kila msichana anaanza kuotesha. Mnaukumbuka ule mwaka? Nywele si fupi za kuachwa hivihivi, si ndefu za kusukwa. Unaenda kwa msusi anazishika anasema, "Bado, rudi mwezi ujao." Unarudi, anakusuka mistari midogo inayofumuka baada ya siku mbili. Mwezi mwingine uzi unashika. Mwaka ukiisha una twende kilioni kichwani, unatikisa.

Hakuna aliyekuambia una tatizo. Hukununua chupa kumi. Ulijua zinaota, ukaendelea na maisha. Safari ya baada ya blichi ni ileile, tofauti ni kwamba wakati ule hukuwa na huzuni ya ulichopoteza.

SEHEMU YA 8: Kalenda ya kichwani

Tumalizie kwa hesabu.

Nywele za binadamu huota takriban sentimita 1 kwa mwezi, na za kwetu za kipilipili huwa chini kidogo ya hapo. Piga milimita 8 mpaka 10. Miezi mitatu ni kama sentimita 2 na nusu. Mwaka ni kama sentimita 10 mpaka 12. Na kwa kuwa nywele zetu hujikunja, unachokiona ni pungufu ya kilichopo. Vuta unywele mmoja taratibu uone urefu wake halisi kabla hujakata tamaa.

Aliyetia blichi ana bahati moja ambayo wengine hawana: rula iko kichwani. Sehemu nyeusi inayotokea chini ya ile ya njano ndiyo kipimo chako. Kila mwisho wa mwezi tenganisha nywele mahali palepale, weka rula, andika. Ukiona weusi unaongezeka lakini urefu wote hauongezeki, usiseme haziotagi. Zinaota kwa chini na kukatika kwa juu. Tatizo ni ncha, si shina.

Njia ziko mbili. Ya kwanza, nyoa zote zilizoungua uanze upya. Ndiyo ya haraka na ya bei nafuu. Ya pili, punguza ncha kidogo kidogo, kila baada ya wiki 6 mpaka 8, huku weusi ukipanda, mpaka njano iishe. Hii inaweza kuchukua mwaka au zaidi. Zote ni sahihi. Chagua kwa moyo wako, usichaguliwe na mtu.

Ukichagua ya pili, linda ule mpaka ambapo nywele mpya inakutana na ya zamani, kwa sababu hapo ndipo zinapokatika zaidi. Chana zikiwa na unyevu na mafuta au kilainishi, kwa vidole au kitana cha meno mapana, kuanzia nchani kwenda juu. Acha pasi na drayi ya moto. Suka lakini usivute. Wigi vaa, ila lisigandishwe kwa gundi, na usiku livue. Lala na kitambaa laini. Na usirudie blichi wala kuweka dawa ya kulainisha "ili zifanane". Hapo ndipo wengi hupoteza miezi yote waliyovumilia.

Kupoteza nywele 50 mpaka 100 kwa siku ni kawaida kwa kila mtu. Na kama umejifungua, au umetoka kuumwa sana, zinaweza kudondoka nyingi miezi 2 mpaka 4 baadaye. Hizo hutoka na mzizi, na kwa kawaida hurudi zenyewe. Usiisingizie blichi ya mwaka juzi.

Ila kuna mambo ambayo si ya kusubiri. Blichi ikianza kukuchoma, iondoe papo hapo, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi, usipake dawa ya meno wala asali wala siagi. Njoo hospitali ukiona malengelenge, usaha, uvimbe wa uso, macho yaliyoingiwa na dawa, au kifua kubana. Njoo pia ukiona sehemu ya kichwa imekuwa laini, inang'aa, vinyweleo havionekani. Huenda hapo shina limeanza kuwa kovu, na kovu halioti. Hilo likiwahiwa linaweza kuzuiwa lisienee. Likicheleweshwa, hata subira ya miaka kumi haitasaidia. Hii ndiyo tofauti ninayotaka uondoke nayo: unywele uliokufa usubiri, ngozi inayoumwa usiisubirishe.

Basi wapendwa. Leo usiku tenganisha nywele, pima, andika tarehe nyuma ya kalenda. Kisha usipime tena mpaka mwezi uishe. Yule wa kwa Ovid hakuwa na rula wala nesi, na aliambiwa hilohilo.

Maswali yaacheni hapa chini, nikitoka zamu ya usiku nitajibu mmoja mmoja. Mfululizo ujao mmeuchagua wenyewe: maumivu ya mgongo. Usiku mwema.